Shangazi, nyongeza hii niisaini?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Pasua, Moshi. Ni saa nne usiku na nimebakiza siku tisa kutoa jibu kazini, wala sina wa kumuuliza ambaye hana maslahi yake katika jambo hili.

Nina miaka 47. Miaka 22 kati ya hiyo nimeifanyia kazi kampuni moja ya kubeba barua za maofisini na vifurushi, jina lake naomba nilihifadhi. Ilianzishwa na taasisi ya umma, kwa hiyo sisi wa zamani tuliingia tukihesabika watumishi wa umma. Nilianza kwa kufunga magunia, siku hizi ni msimamizi wa zamu ya alfajiri. Gari la Dar likiingia saa kumi tunakata lakiri, tunamwaga mzigo mezani, napima kwenye mizani, nagonga muhuri, naandika namba daftarini. Kidole gumba changu cha kulia kina sugu ya kishikio cha muhuri. Kazi hii naipenda, Shangazi, nisije nikaonekana nalalamika tu.

Sasa taasisi mama inamuuzia mwekezaji sehemu kubwa ya hisa zake. Mwezi uliopita tuliitwa ukumbini, tukapewa soda na karatasi. Karatasi inasema hivi: tunaongezwa asilimia 10 kwenye mshahara wa msingi. Atakayesaini kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo anapewa motisha ya shilingi 1,500,000 mkononi. Ila anasaini mkataba mpya wa miaka 3, tarehe ya kuanza kazi inaandikwa upya, na katika miaka hiyo 3 hakuna kuzungumzia tena mshahara. Tutatolewa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, tuhamie NSSF, ule wa sekta binafsi. Asiyesaini, karatasi inasema, "nafasi yake itaangaliwa kulingana na mahitaji ya uendeshaji".

Mshahara wangu wa msingi ni 800,000. Afisa utumishi alitupigia hesabu ubaoni: wewe utapata 80,000 zaidi kila mwezi. Akasema hata Uingereza waliuza posta yao, wafanyakazi wakapewa hisa bure na wakafurahi. Sisi hisa hatukuahidiwa, ila alisema hivyo.

Mume wangu anasema nisaini. Nyumba yetu kule Kiboriloni imesimama kwenye lenta tangu 2021, na hiyo milioni na nusu ingeanza kununua mbao. Nina marejesho ya VICOBA, 600,000. Mdogo wangu wa mwisho yuko kidato cha nne shule ya bweni, ninayemsomesha ni mimi. Mume wangu si mtu mbaya, Shangazi. Amechoka kuiona nyumba inaota majani ndani.

Kazini tumegawanyika. Mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi anasema tukatae yote, tugome, lakini ukimuuliza baada ya kugoma nini, anarudi palepale. Vijana wanataka kusaini. Kuna mmoja nilimpokea mimi mwenyewe, nikamfundisha hata kufunga kamba ya gunia. Juzi kaniambia mbele ya watu, "Mama, nyie mmeshakula, mwache na sisi tule." Nilikwenda stoo nikalia.

Naogopa kusaini nikajuta, na naogopa kukataa jina langu likawa la kwanza kwenye orodha ya kupunguzwa. Nisaini au nisisaini?

Mama wa Vifurushi, Moshi

---

Marahaba, mwanangu. Pole na hilo la stoo. Nitalirudia mbele, maana huyo kijana naye hajapigiwa hesabu yake vizuri.

Jibu langu ni kwamba karatasi hiyo usiisaini kama ilivyo. Na usiseme "nakataa" pia. Neno hilo moja linaweza kukugharimu, nitakueleza kwa nini. Unachotakiwa kufanya ni kuwarudishia jibu la maandishi lenye masharti yako, ukiwa pamoja na wenzako.

Tuanze na ile 80,000 ya ubaoni, kwa sababu ndiyo inayowatia watu kiu. Chukua slipu yako ya mshahara ya mwezi uliopita uiweke kando ya barua hii. Ukiwa PSSSF, wewe unakatwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi na mwajiri anaweka asilimia 15. Kwenye 800,000 yako hiyo ni 40,000 kutoka kwako na 120,000 kutoka kwake. Inabaki 760,000 ya kukatwa kodi. Kwa viwango vya PAYE, yaani kodi ya mshahara, vilivyotumika tangu Julai 2021, kodi yake ni 68,000. Unaondoka na 692,000, kabla ya makato mengine kama ada ya chama au mikopo.

Ukihamia NSSF kwa mgawanyo wa kawaida, wewe unakatwa asilimia 10 na mwajiri anaweka 10. Mshahara umekuwa 880,000, makato yako yamekuwa 88,000, inabaki 792,000. Hapo umevuka 760,000, kwa hiyo kile kipande cha juu kinakatwa kodi ya asilimia 25. Kodi inakuwa 76,000. Unaondoka na 716,000.

Toa 692,000 kwenye 716,000. Ni 24,000, mwanangu. Katika ile 80,000 ya ubaoni, inayofika kwenye pochi yako ni 24,000, na kwa hiyo 24,000 unafungwa mdomo miaka 3. Mfumuko wa bei nchini umekuwa ukizunguka asilimia 3 kwa mwaka. Nyongeza yako ya mkononi ni kama asilimia 3 na nusu, mara moja tu. Mwaka wa kwanza bei za sokoni Mbuyuni zitakuwa zimeila karibu yote, na miaka 2 iliyobaki utakuwa unarudi nyuma.

Upande wa mwajiri, alikuwa anakuwekea 120,000 kwenye mfuko wa pensheni, sasa ataweka 88,000. Ameokoa 32,000 kwenye mchango wako, kisha ndiyo akakuongezea 80,000. Kwa hiyo sehemu ya nyongeza hiyo umeilipa wewe mwenyewe. Simwiti mwizi, kwa sababu mgawanyo huo unaruhusiwa kisheria. Ila kusimama mbele ya watu wazima na kuwaandikia 80,000 ubaoni bila kutaja makato si haki, na hilo nalisema waziwazi.

Sasa sikiliza jambo ambalo huenda hata mwenyekiti wenu hajalishika. Sheria ya NSSF inasema sehemu ya mfanyakazi isizidi asilimia 10. Haimzuii mwajiri kubeba zaidi ya 10. Mchango wote ni asilimia 20, na mwajiri akikubali kubaki na 15 kama zamani, wewe ukabaki na 5, hakuna sheria iliyovunjwa. Hapo kwenye 880,000 yako unakatwa 44,000, kodi inakuwa 87,000, unaondoka na 749,000. Nyongeza ya mkononi inakuwa 57,000 badala ya 24,000. Mfuko unapata kilekile, 176,000 kwa mwezi. Kama ningeambiwa nichague sharti moja tu la kupigania kwenye fedha, ningechagua hilo, na asilimia 10 ningeiacha ilivyo.

Kuhusu pensheni yenyewe, nikuondolee hofu moja. Kuhama mfuko hakufuti miezi yako. Vipindi vya kuchangia mifuko miwili hujumlishwa. Miaka 22 ni miezi 264, na sharti la kupata pensheni ni miezi 180, umeshaipita. Tangu mifuko ya zamani ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF iunganishwe kuwa PSSSF mwezi Agosti 2018, kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia pensheni, kimebadilishwa mara kadhaa na watu wameumia roho, unakumbuka kelele za mwishoni mwa 2018 hadi Rais Magufuli akasitisha. Mwaka 2022 mkupuo, zile fedha za mara moja unapostaafu, uliwekwa asilimia 33 kwa wote. Mwaka 2024 ukapandishwa, 40 kwa waliokuwa wakipata nusu zamani, na 35 kwa waliokuwa kwenye asilimia 25, yaani watu wa PPF na NSSF. Wewe, kwa ajira ya taasisi kama yako na mwaka ulioingia, bila shaka ulianzia PPF. Kwa hiyo 35 yako ni ileile ukibaki au ukihama.

Kinachoweza kuiumiza pensheni yako ni mambo mengine mawili. La kwanza ni mshahara wa msingi. Pensheni inapigwa kwa wastani wa mishahara ya miaka 3 iliyo bora, mara miezi uliyochangia, gawa kwa 580. Tuseme umefanya kazi hadi miaka 60, una miezi 420. Kwa msingi wa 800,000 mkupuo wako ungekuwa kama milioni 30.4 na pensheni ya mwezi kama 376,000. Kwa msingi wa 880,000 mkupuo ni kama milioni 33.4 na pensheni kama 414,000. Ile 80,000 ikikaa kwenye msingi inakufuata hadi kaburini. Kwa hiyo mkiwa mezani, akitokea mtu akasema sehemu ya nyongeza ije kama posho ya nauli au chakula, mkatalieni. Posho inafutwa kwa barua ya mistari miwili.

La pili ndilo linalonikosesha usingizi kwa niaba yako, nalo halikuwa ubaoni kabisa. Ni ule mkataba wa miaka 3 wenye tarehe mpya.

Leo una ajira ya kudumu. Wakitaka kukupunguza, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawataka watoe taarifa, waeleze sababu, washauriane na chama, na wakulipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, kwa miaka isiyozidi 10. Wewe umeshaipita 10, kwa hiyo ni siku 70. Gawanya 800,000 kwa siku 26 za kazi, zidisha kwa 70: ni kama 2,150,000. Hicho ni kiwango cha chini cha sheria, mkataba wenu wa hali bora, ule wa chama na mwajiri, unaweza kuwa na kikubwa zaidi. Usome.

Ukisaini tarehe mpya, miaka hiyo inaanza kuhesabiwa kutoka sifuri. Na mkataba wa muda ukifika mwisho wake, sheria haimlazimishi mwajiri kukulipa kiinua mgongo hata senti. Miaka 3 ikiisha utakuwa na miaka 50. Pensheni ya hiari inaanza 55. Miaka 5 hiyo katikati, mwanangu, utakula nini? Hilo ndilo swali la kumuuliza mume wako, kwa upole, mkiwa wawili. Ile 1,500,000 wanayokupa ni ndogo kuliko haki ambayo tayari ni yako na wanataka uiache. Wananunua miaka yako 22 kwa bei ya chini ya ile sheria iliyokwisha kuipangia.

Tena mkataba mpya hauna hata sababu. Umesema kinachouzwa ni hisa. Kampuni inabaki ileile, jina lilelile, mwajiri wako yuleyule mbele ya sheria. Aliyebadilika ni mwenye hisa. Duka likinunuliwa na mtu mwingine pamoja na leseni yake na madeni yake, muuzaji wa kaunta haanzi kazi upya. Miaka ya watumishi ni sehemu ya kile mwekezaji anachokinunua, aidha alikihesabu kwenye bei au alisahau, na kusahau kwake kusiwe mzigo wako.

Hapa Arusha somo hili tumeliona kwa macho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikuwa na makao yake mjini hapa, na ilipovunjika 1977 ilikuwa na mashirika yake: reli, bandari, ndege, posta na simu. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini Arusha hapahapa tarehe 14 Mei 1984, na kila nchi ikabeba wajibu wa kuwalipa watu wake. Karatasi ilikuwepo. Lakini wazee wa Tanzania waliofanya kazi kwenye mashirika hayo walidai, wakalala nje ya ofisi za Dar, wakazikana, mpaka 2005 ndipo serikali ikafikia nao makubaliano mahakamani, miaka 28 baada ya Jumuiya kufa. Na bado wapo walioendelea kudai baada ya hapo. Nilimjua mzee mmoja Kaloleni aliyekuwa na bati la biskuti lililojaa slipu, barua ya kuajiriwa, barua za kupandishwa cheo, zote zimefungwa kwa uzi wa katani. Wenzake walimcheka. Siku ya kuhakiki walikwenda kumuazima barua zake ili waonyeshe kwamba walifanya naye kazi. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya lolote, tafuta barua yako ya kwanza ya ajira. Kama hunayo, omba nakala sasa, wakati wenye ofisi bado ni walewale wanaokujua. Na nenda ofisi ya PSSSF Moshi uombe taarifa ya michango yako, uhakikishe miezi 264 ipo yote. Mwezi uliorukwa unadaiwa kirahisi leo kuliko baada ya hisa kuhama.

Wawekezaji nao huja na kuondoka. Simu ya Taifa, TTCL, iliuza asilimia 35 mwaka 2001, na mwaka 2016 serikali ikazinunua tena kutoka kwa Bharti Airtel. Kati ya tarehe hizo mbili ipo miaka 15 na watumishi walioingia na kutoka. Usijenge maisha yako juu ya sura ya huyu aliyekuja na soda.

Nije kwa Uingereza, maana afisa utumishi amewapa nusu ya habari. Ni kweli Royal Mail iliuzwa Oktoba 2013. Ni kweli wafanyakazi walipewa hisa bure, asilimia 10 ya kampuni. Hisa iliuzwa kwa peni 330, na siku ya kwanza ya soko ikafunga kwenye 455, kwa hiyo siku ile wengi walitabasamu. Alichokiacha ni hiki. Kabla ya kuuza, mwezi Aprili 2012, serikali yao ilibeba yenyewe deni la pensheni la miaka ya nyuma, ili lisimfuate mnunuzi wala lisimpotelee mfanyakazi. Waulizeni wakubwa wenu: nani anabeba michango ya nyuma kama kuna miezi haikulipwa?

Halafu kwenye mshahara, kampuni ilikuja na asilimia 8.6 kwa miaka 3, yenye masharti. Chama chao, CWU, kilipiga kura, na asilimia 78 ya waliopiga wakaunga mkono mgomo. Mgomo ulipangwa Novemba 4, ukaahirishwa, wakarudi mezani. Mwanzoni mwa 2014 wanachama waliridhia makubaliano ya asilimia 9 na ushei kwa miaka 3. Linganisha 8.6 na 9. Kwa tofauti ndogo namna hiyo mtu angesema walipoteza muda. Walichokipata ni karatasi yenye nguvu ya kisheria: ajira zisigeuzwe vibarua, kazi zisigawiwe kwa makampuni ya nje, watu wasipunguzwe kwa lazima. Hayo ndiyo waliyoyapigania, na hayo ndiyo ambayo karatasi yenu haina hata mstari mmoja. Hata wao hawakumaliza: mfumo wao wa pensheni wa zamani ulifungwa Machi 2018, na 2022 waligoma tena. Lakini kila mara waliingia wakiwa na chama na kitu cha maandishi mkononi.

Sasa mwenyekiti wako. Ana haki ya kukasirika, ila "tukatae yote" si mpango. Chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo la kazi, ndicho chenye haki ya kuzungumza kwa niaba ya wote, na mwajiri anatakiwa kujadiliana nacho kwa nia njema. Kuwaita watu mmoja mmoja wasaini kwa mbio kabla ya mazungumzo ni jambo la kuandikiwa barua leo. Wakishindwana, mgogoro unakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usuluhishi unapewa siku 30. Ukishindikana ndipo kura, kisha notisi ya saa 48, kisha mgomo. Mtu akiruka hatua hizo akaweka magunia chini kesho asubuhi, amempa mwajiri sababu ya kumfukuza bure. Mwambie hivyo. Na mwambie kama msimamizi wa zamu, siyo kama mnung'unikaji wa pembeni, kwa sababu zamu ya alfajiri inakusikiliza wewe.

Nilikuahidi kueleza kwa nini usiseme "nakataa". Sheria ileile inayokupa kiinua mgongo inasema anayepunguzwa kwa sababu za uendeshaji, akakataa kazi mbadala bila sababu ya msingi, anaweza kukosa kiinua mgongo hicho. Kwa hiyo jibu lako liwe la mtu anayetaka kazi: uko tayari kuendelea, unakubali nyongeza, na unaomba yabadilishwe mambo haya na haya. Sababu yako iwe imeandikwa na tarehe. Ikitokea wakakuachisha hata hivyo, una siku 30 tu za kufungua malalamiko CMA. Watu wengi hupoteza haki zao wakisubiri "labda wataniita".

Kijana wako usimkasirikie. Amekuona wewe umejenga mpaka lenta, yeye hana hata kiwanja, na anadhani ulipata kwa urahisi. Mpigie hesabu yake. Kama msingi wake ni 500,000, wamemwambia anaongezewa 50,000. Leo anaondoka na 458,600. Akihamia 10 kwa 10 ataondoka na 477,000. Ameongezewa 18,400. Mpe kalamu aipige mwenyewe, kwenye meza ya kupimia, mzigo ukishapangwa. Akiona 18,400 kwa mkono wake, hutahitaji kumhubiria. Na yeye ndiye wa kubeba sharti la 15 kwa 5 mbele ya vijana wenzake, kwa sababu atachangia miaka mingi kuliko wewe.

Kwa mume wako, usianze na sheria. Anza na nyumba. Mwambie nyumba itapauliwa, na ile 57,000 ya kila mwezi, mkiipata, ni 684,000 kwa mwaka, kila mwaka, bila kuuza miaka yako. Lile deni la VICOBA liombee muda wa marejesho wiki hii, kabla halijakusukuma mkono kwenye kalamu. Najua mabati hayasubiri mazungumzo. Lakini mwanaume aliyechoka kuona majani yanaota ndani ya nyumba hatafurahi zaidi kuwa na paa na mke asiye na kazi akiwa na miaka 50.

Barua yako iwe fupi. Andika hivi, ubadilishe unavyopenda:

"Nimepokea mapendekezo yenu. Niko tayari kuendelea na kazi na ninakubali nyongeza ya asilimia 10 kwenye mshahara wa msingi. Naomba ajira yangu ya kudumu na tarehe yangu ya kuanza kazi vibaki kama vilivyo, mwajiri aendelee kuchangia asilimia 15 katika mfuko nitakaohamia, mshahara uzungumzwe kila mwaka, na mazungumzo yote yafanyike kupitia chama. Naomba jibu kwa maandishi."

Mkiweza isainiwe na zamu nzima, majina yakiwa yameandikwa kwa kuzunguka duara ili pasiwe na la kwanza. Ndiyo dawa ya hofu yako ya orodha. Toa nakala 3. Moja ipeleke kwa afisa utumishi kabla ya Ijumaa na usiondoke pale mpaka nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ya pili ni ya katibu wa tawi. Ya tatu ilale nyumbani, mbali na ofisi, pamoja na barua yako ya ajira na slipu. Wakikupa karatasi nyingine ya kusaini ukiwa umesimama kwenye mizani saa kumi na moja alfajiri, sema unaomba uende nayo ukaisome, na kama wamepunguza hata sharti moja, niandikie kabla hujashika kalamu.